Chipsi zege zinasingiziwa: moyo wa mwanachuo wa Tabora unaharibikia wapi hasa

Muulize mwanachuo yeyote hapa Tabora ugonjwa wa moyo unaletwa na nini, atakujibu haraka haraka chipsi, mafuta, kitambi. Akishajibu hivyo anaondoka na amani yake maana yeye ni mwembamba, anakula mara mbili kwa siku, bumu (hela ya mkopo wa chuo) likikata anakula mara moja, kwa hiyo mambo ya moyo anawaachia wazee wenye magari. Na semina za afya zikija chuoni zinaongezea humo humo, mtaalamu anasimama mbele na picha za baga na soseji ambazo nusu ya ukumbi hawajawahi hata kuzinunua, watu wanapiga makofi, wanapewa maji na fulana, wanarudi geto. Mi naona mpangilio mzima umekaa vibaya. Mafuta yamo, sikatai, ila kwa kijana wa chuo wa huku kwetu siyo ya kwanza kwenye foleni, kuna vitu vinamtafuna mapema zaidi na wala havitajwi.

Tuanze na presha maana mengi yanapitia hapo. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, na kila ukijikaza damu inasukumwa na kubana kuta za mishipa, huo mbano ndo presha. Ile namba ya juu ni wakati moyo umejikaza, ya chini ni wakati umelegea kati ya pigo na pigo. Chini ya 120 kwa 80 uko vizuri. Ikifika 140 kwa 90 na ikarudia hivyo hivyo siku tofauti, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani hiyo ni presha ya kupanda, na Wamarekani tangu 2017 wamekuwa wakali zaidi, kwao 130 kwa 80 tayari wanakuhesabu. Sasa ubaya wake, haiumi. Watu wanasubiri kisogo kiwe kizito au macho yaone nyota ndo waamini, wakati mtu anaweza kukaa na 150 kwa 95 miaka kumi, anacheza mpira, anapiga msuli usiku, anamaliza digrii, na hajui kitu. Mishipa ndo inajua. Inazidi kukakamaa na kuwa minene, moyo nao unaongeza misuli kwa sababu ya kazi nzito, figo zinachujia damu kwenye mbano usiokuwa wake, halafu siku moja akiwa na miaka 45 anapata kiharusi watu wanasema amerogwa.

Mtu atauliza, miaka 21 kweli? Ndiyo. Vita vya Korea vilipokuwa vinaisha, madaktari wa jeshi la Marekani waliwapasua askari 300 waliokufa vitani ili kuangalia mishipa inayolisha moyo wenyewe, wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, yaani rika la mwaka wa tatu, vijana walioenda vitani kwa sababu walionekana wazima. Ripoti ikatoka 1953: asilimia 77 walishaanza kuwa na dalili za uchafu wa mafuta kwenye hiyo mishipa, wachache ilikuwa karibu kuziba. Hakuna aliyekuwa analalamika kifua. Kwa hiyo ukisikia mtu wa miaka 50 kaanguka ghafla, hiyo kazi ilianza akiwa bado anakariri madesa.

Chumvi sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo naona inasahaulika kuliko zote. Nenda banda la chipsi lolote Ng'ambo au Kanyenye saa mbili usiku, usiangalie sahani, angalia mikono. Kijana anavunja mayai kwenye zege, yaani chipsi mayai, anatupia chumvi. Akigeuza anatupia tena kwa sababu upande wa pili nao si una haki yake. Kachumbari imeshatiwa chumvi tangu jioni ili itoe maji. Mishkaki miwili juu, nayo ililala kwenye chumvi na kitunguu saumu. Anakuwekea mezani, tomato sosi hiyo hapo ambayo nayo ina chumvi ingawa ulimi unasikia utamu tu, halafu mteja mwenyewe, bila hata kuonja, anachukua kile kikopo cha chumvi kilichotobolewa matundu na kukitingisha mara tatu nne. Shirika la Afya linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo imejumlishwa ya mkate wa asubuhi, ya maharage ya mchana, yote. Huyu kwenye sahani moja kashakula sehemu kubwa ya siku. Siyo sisi tu, wastani wa dunia nzima unakaribia gramu 11, zaidi ya mara mbili.

Na anayepika geto asijione kaokoka. Maharage yanatiwa chumvi, halafu kile kiungo cha mchuzi cha pakiti ambacho ukisoma nyuma utakuta chumvi ni ya kwanza au ya pili kutajwa, na mboga ikiwa dagaa wa Kigoma waliokaushwa na chumvi huyo mtu hakuwaloweka wala kuwaosha mara mbili, kawarusha hivyo hivyo. Mkoa huu na chumvi ni ndugu wa siku nyingi lakini, chumvi ya Uvinza, huko Kigoma kwa jirani zetu, imekuwa ikichemshwa pale zaidi ya miaka elfu moja na misafara iliipitisha huku hata kabla reli haijafika Tabora 1912, ila kipindi hicho ilikuwa bidhaa ya thamani, mtu anaitumia kwa kuipima, siyo hii ya kutingisha kikopo. Ikiingia mwilini nyingi inashika maji, damu inaongezeka ujazo, moyo unasukuma mzigo mkubwa kwenye mishipa ile ile. Hamna uchawi hapo.

Kinachoisaidia figo kuitoa chumvi ni madini ya potasiamu, na yamejaa kwenye vyakula ambavyo mwanachuo wa hapa anavionea aibu mbele ya wenzake wa Dar: viazi vitamu, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), matembele, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), maharage, ndizi, parachichi. Michembe na karanga asubuhi na chai isiyo na sukari nyingi ni kifungua kinywa bora kuliko chapati mbili na soda, na bei ni nusu. Karanga mafuta yake ni ya upande mzuri. Nasema tu, hakuna kampuni inayotangaza michembe ndo maana haina heshima.

Mafuta nayo tuyaseme. Yale yanayopandisha kolestro mbaya, inayojenga ule uchafu wa kwenye mishipa, ni yale yanayoganda kirahisi, na mawese karibu nusu yake ni ya aina hiyo, wakati alizeti ni kama sehemu moja ya kumi tu. Mafuta mengi ya bei rahisi ya kupimiwa dukani ni mawese yaliyosafishwa hata kama yanaonekana meupe. Kwa hiyo chipsi kila usiku miaka mitatu haina utetezi, hasa zile za mafuta yaliyochemka tangu Jumatatu mpaka yamekuwa kama chai ya rangi. Ila mara moja kwa wiki, chumvi kidogo, kachumbari nyingi, kula zako kwa amani, sitaki kuwa yule mtu wa semina.

Kuna kitu kingine ambacho hakihusiani na chakula kabisa na ndo kinachowapeleka vijana wengi wa Afrika kwenye upasuaji wa moyo. Mafindofindo. Mtoto au kijana anaumwa koo, limevimba lina usaha, homa kali, wala hana mafua wala kikohozi, mara nyingi hapo ni bakteria na siyo kirusi. Isipotibiwa vizuri, kwa baadhi ya watu kinga ya mwili katika kupambana na huyo bakteria inachanganyikiwa inashambulia na moyo, zile valvu zinazofunga na kufungua njia ya damu zinapata makovu, zinakuwa nene, hazifungi vizuri au hazifunguki vizuri. Koo lenyewe linakuwa lilimuuma akiwa na miaka 5 mpaka 15 huko Sikonge au Kaliua, viungo vikauma kwa kuhama, leo goti kesho kiwiko, wakasema baridi yabisi ya utotoni, ikapita. Moyo unakuja kudai miaka ya ishirini: anaishiwa pumzi ngazi za ghorofa ya pili, wenzake wanamwambia hana mazoezi. Dada wengi wanagundulika wakiwa wajawazito maana ujauzito unaongeza damu na valvu iliyokuwa inajikongoja inashindwa. Akigundulika mapema anachomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili isiendelee, akichelewa safari ni Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa 2015, kubadilishiwa valvu. Sasa fikiria halafu angalia tunavyotibu koo hosteli, mtu anakwenda dukani ananunua vidonge vya rangi mbili viwili vitatu, koo likipoa anamwachia rumeti vilivyobaki. Koo la aina hiyo lina dozi yake kamili, mara nyingi siku 10, na aliyesema ni bakteria anatakiwa awe ameliona.

Haya, kukaa. Mwaka 1953, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti wa madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Watu wa kazi moja, mtaa mmoja, mshahara unaokaribiana, tofauti ni kwamba dereva anakaa siku nzima na konda anapanda na kushuka ngazi mia kadhaa akikata tiketi. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua iliwakuta ukubwani zaidi. Tangu hapo hoja ya mazoezi na moyo haijawahi kurudi nyuma. Ukitaka mfano wa karibu na kwetu kuna Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watafiti waliwavalisha vifaa vya kupima mapigo wakachapisha 2017, wanajishughulisha kwa nguvu zaidi ya saa mbili kila siku na presha ya kupanda kwao ni adimu, mpaka kwa watu wazima.

Mwanachuo wetu yeye anatoka geto na boda, anakaa kwenye pindi saa tatu, anakaa kibandani, anarudi na boda, anakaa kitandani na laptopu, asaimenti ikiisha anahamia kwenye simu. Tabora hii ilikuwa ya baiskeli jamani. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za kitu kinachokufanya upumue kwa nguvu ila bado unaweza kuongea, au nusu ya hizo kama ni mpira wa kukimbia kweli. Nusu saa mara tano. Kutembea kwa haraka kunahesabika, asubuhi kabla jua halijachachamaa au saa kumi na moja jioni chini ya miembe, na kubeba ndoo kunahesabika, na yule dada anayefua nguo za wiki nzima kwa mkono na kusuuza na kukamua kashafanya zoezi kuliko kaka aliyepost picha yuko jimu. Kwa kina dada kuna jambo la usalama, kutembea peke yako kigiza kimeingia siyo ushauri wa kumpa mtu, kwa hiyo watembee wawili watatu au kamba ya kuruka uani, inatosha kabisa. Nauli ya boda mnayookoa ninyi wenyewe mtajua cha kuifanyia.

Tumbaku. Hili huku ni gumu kulisema maana wengi tuliosoma mkoani ada ilitoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, baba kauza chama cha msingi, malipo yamechelewa, mwishowe yamekuja, mtoto kaenda chuo. Kwa hiyo ukimwambia mtu tumbaku ni mbaya anasikia unamtukana mzazi. Tutenganishe basi. Mkulima hana kosa, ila hata yeye akivuna majani yakiwa na umande bila glovu nikotini inapita kwenye ngozi, kile kizunguzungu na kutapika kwa wavunaji siyo uvivu wala malaria, ni sumu. Ukiivuta sasa, nikotini inabana mishipa na kupandisha mapigo ndani ya dakika chache, moshi unaleta kaboni monoksaidi ambayo inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kemikali nyingine zinakwaruza ukuta wa ndani wa mshipa ambapo ndo ule uchafu wa mafuta unapoanza kushika. Kwa moyo hakuna kiwango kidogo kilicho salama, wale wa sigara moja moja za kibandani wakati wa mitihani tu wasijidanganye. Shisha ndo kabisa, mkaa unawaka juu yake na unaivuta saa nzima, maji yale yanapoza moshi hayachuji sumu. Ugoro nao una nikotini ile ile. Nafuu yake ni kwamba moyo unasamehe haraka, ukiacha, mwaka mmoja tu baadaye hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na kijana wa miaka 22 anayeacha leo anarudisha karibu yote.

Kuhusu pombe nitasema kwa kifupi, inapandisha presha na kunywa nyingi usiku mmoja bumu likitoka kunaweza kuvuruga mdundo wa moyo hata kwa mtu mzima wa afya. Viroba vilipigwa marufuku 2017, vichupa vikachukua nafasi.

Tukija wiki ya mitihani, hapo wote wanakuwa wagonjwa wa moyo. Moyo unakimbia, kifua kinabana, vidole vinafanya ganzi, mtu anaona anakufa saa nane usiku. Mara nyingi siyo moyo, ni hofu ya sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuo) ikichanganyika na vinywaji vya enaji. Kikopo cha kawaida cha mililita 250 kina kama miligramu 80 za kafeini na sukari inayokaribia vijiko saba vya chai, mtu anapiga vitatu na kahawa juu. Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo ya saa nne usiku saa tisa alfajiri bado nusu yake iko kazini, na usingizi ndo muda ambao presha inatakiwa ishuke kwa asilimia 10 mpaka 20 ili mishipa ipumzike. Ukikesha mara kwa mara unainyima hiyo likizo. Na asali ya Tabora naipenda kama mnavyoipenda, ila yule anayeweka vijiko vitano kwenye chai kwa sababu ni dawa ajue kama asilimia 80 yake ni sukari. Shambulio la hofu lenyewe linapita, kaa, pumua taratibu, toa pumzi ndefu kuliko unavyoingiza, mwenzako akae na wewe, ndani ya nusu saa linakuwa limetulia.

Kuna dalili za kutochezea lakini, na hizi hazisubiri mtihani uishe. Kuzimia katikati ya mazoezi, siyo baada, katikati. Kifua kinachouma ukijitutumua na kupoa ukipumzika. Kushindwa kulala bila mito mitatu kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Miguu kuvimba. Au ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni, alianguka uwanjani Lyon na kufariki tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, mwanariadha kweli kweli, na ndani misuli ya moyo ilikuwa imenenepa isivyo kawaida, hali ambayo mara nyingi inarithiwa. Timu za vyuo zinapochagua wachezaji wa mashindano, kuuliza maswali haya matano ni bure.

Vyuo vyenyewe navyo vingeweza kufanya mambo ya bei ndogo kuliko semina. Siku ya usajili mwanafunzi anapanga foleni ya ada, ya kitambulisho, ya hosteli, iwekwe na foleni ya presha, mashine ya mkononi ni kitu cha kununuliwa mara moja na kutumika miaka. Kantini iondoe kikopo cha chumvi mezani, anayetaka aende kuomba, wengi hawatainuka. Ratiba iache jioni moja tupu ya michezo isiyo ya timu, ya watu wasiojua mpira.

Na wakikupima, wapime kwa utaratibu, maana presha nyingi za uongo zinatokana na haraka. Usiwe umetoka kunywa kahawa, enaji au kuvuta ndani ya nusu saa. Nenda haja kwanza. Kaa dakika tano umeegemea, miguu chini isikunjwe, mkono uko mezani usawa wa moyo, ule mkanda ugusane na ngozi siyo shati, na msiongee. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili. Ikisoma juu mara moja usikimbilie kujitangaza mgonjwa wala usianze vidonge vya shangazi, rudia siku nyingine mbili na uandike. Ikiendelea kugonga 140 kwa 90 nenda na hiyo karatasi hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu, kwa kijana wa umri huu watataka kuangalia na figo. Ikiwa 180 kwa 120 na kuendelea usirudi geto, nenda siku hiyo hiyo, na kama kuna kichwa kikali, kifua, pumzi au upande mmoja wa mwili unalegea, apatikane wa kukubeba sasa hivi.